Mbao ya Gitaa la Besi: Anza na Shingo

Ukienda kwa fundi kuagiza gitaa la besi, swali la kwanza utakaloulizwa ni kiwiliwili kiwe cha mbao gani. Mjibu hivi: "Fundi, tuanze na shingo." Katika mbao zote za gitaa, ya shingo ndiyo inayoamua zaidi noti itakavyosikika, na ndiyo watu wengi wanayoibania pesa. Wanalipia kiwiliwili chenye rangi ya kupendeza, kisha shingo inatoka kwenye kipande chochote kilichobaki karakanani.

Hapa nakupa namna ya kuchagua mbao za gitaa lote, kwa mbao zinazopatikana Tanzania na kwa majirani zake. Itakufaa ukiwa unaunda mwenyewe. Itakufaa pia ukiwa unaagiza na unataka kujua unalipia nini.

Tuwekane sawa kwanza. Pikapu haisikii mbao. Inasoma uzi wa chuma unavyotikisika juu yake, basi. Kazi ya mbao ni kuushika uzi. Mbao iliyokaza inauachia uzi nguvu yake, inayoyumba inainyonya. Kwa hiyo nyuzi, pikapu na vidole vyako vinatangulia. Kama nyuzi zako zimeshika kutu, nunua mpya kabla hujawaza habari ya mbao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ned Steinberger wa Marekani aliingiza sokoni besi isiyo na mbao kabisa, ya nyuzinyuzi za kaboni na gundi ngumu, na wapigaji wakubwa waliichukua. Sauti yake ni safi, kila noti inadumu. Jifunze jambo moja hapo: kinachotafutwa ni ukakamavu. Jina la mti linakuja baadaye.

Shingo

Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa milimita 864. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na kipande kinachobeba mzigo huo kina unene wa sentimita mbili na kidogo. Lazima kiyumbe. Kinapoyumba kwa kasi inayokaribiana na noti fulani, noti hiyo hufa mapema. Unapiga, inalia "du", imekwisha, wakati jirani zake bado wanaimba.

Noti hizo zilizokufa hukaa sana kwenye uzi wa G, kati ya freti ya tano na ya saba. Kabla ya kununua gitaa lolote, piga uzi huo freti kwa freti, kwa nguvu ileile, na usikilize ipi inakatika. Fanya hivyo bila amplifaya, kisha ukiwa umechomeka. Dakika tano tu, na utajua zaidi kuliko utakavyoambiwa na muuzaji.

Ukikuta noti iliyokufa, bana klempu ndogo kwenye kichwa cha gitaa kisha piga tena. Mara nyingi noti hufufuka, na tatizo linahamia freti nyingine. Hiyo inakuthibitishia kwamba mkosaji ni shingo, wala si pikapu.

Sasa mbao yenyewe. Kwa shingo, chaguo langu la kwanza katika ukanda huu ni mpangapanga. Unaota kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ni mzito, umekaza, na rangi yake ya kahawia iliyokolea ina mistari myembamba inayopendeza bila rangi yoyote juu. Shingo yake inatoa noti yenye mwanzo mkali na mkia mrefu.

Nduguye wa karibu ni wenge wa Kongo, mti ambao bendi ya Wenge Musica ya Kinshasa ilichukua jina lake. Viwanda vya Ulaya vimetumia wenge kwenye shingo za besi kwa miaka mingi, kampuni ya Warwick ya Ujerumani ikiwa mojawapo. Ukipata kipande chake kilichonyooka na chenye karatasi halali, kichukue. Angalia vibanzi tu. Kibanzi cha wenge kikikuingia kidoleni huleta usaha haraka, na mpiga besi asiye na kidole hana kazi wiki hiyo.

Mninga unapendwa na kila seremala, na kwa sababu nzuri: ukishakauka haupindi. Lakini haujakaza kama mpangapanga. Shingo ya mninga mtupu itatoa sauti laini, ya mviringo, yenye mkia mfupi kidogo. Wapo wanaoitaka hivyo. Usipoitaka, usiutupe mninga. Uchanganye.

Namna ya kuchanganya ni hii. Pasua mninga vipande viwili vyembamba. Weka katikati kipande cha mpangapanga au mkongo chenye upana wa sentimita moja au moja na nusu. Gundisha vitatu hivyo kuwa ubao mmoja. Kipande cha mbao ngumu kinakaa wima kama mhimili, na mninga unazuia kupinda. Ukiwa na uvumilivu, fanya vipande vitano. Geuza kimoja mkia uwe kichwa, ili mbao zikitaka kupinda zivutane pande tofauti.

Baada ya kugundisha, uache ubao upumzike wiki mbili kabla ya kuupiga randa ya mwisho. Gundi ya maji huvimbisha mbao kwenye viungo. Ukiparaza mapema, maungio yatabonyea baadaye na vidole vyako vitayahisi kila siku.

Mtiki pia unafaa shingo. Ule wa mashamba ya Longuza, Mtibwa na Kilombero unapatikana umenyooka, jambo ambalo miti ya porini haikupi kirahisi. Una mafuta, kwa hiyo futa sehemu ya kugundisha kwa asetoni dakika chache kabla ya kupaka gundi. Ukisahau hatua hiyo, kiungo kitaachia siku ya joto.

Msonobari na saiprasi usiweke kwenye shingo. Ni laini mno kwa mzigo huo, hata ukipitisha chuma ndani.

Na chuma cha kunyooshea shingo usiache kukiweka, hata kwa mbao ngumu kiasi gani. Mtu akikwambia shingo yake ya mpingo haihitaji chuma, mshukuru na utafute fundi mwingine.

Kupima ukiwa kwa muuza mbao

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Nenda na vitu vinne: mizani ya kuning'iniza, futi kamba, penseli na chupa ya maji. Ukiwa Dar es Salaam, waulize mafundi samani wa Keko wananunua wapi; ukiwa Nairobi, Gikomba ina mbao za kila aina. Nenda asubuhi, wakati muuzaji hana haraka na wewe unaona vizuri.

Anza na mwisho wa ubao, pale ulipokatwa. Lowesha kwa maji kidogo. Utaona mistari ya umri wa mti. Kwa shingo unataka mistari iliyosimama wima ukiulaza ubao chali, au inayokaribia wima. Mistari iliyolala ina maana ubao utapinda unyevu ukibadilika.

Kisha angalia mishipa ya mbao ubavuni. Ifuate kwa penseli kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikitoka nje ya ubao kabla ya nusu ya urefu, uache. Ubao huo utavunjika kichwani mara gitaa litakapoanguka. Na gitaa huanguka.

Sasa pima ukakamavu. Unahitaji ubao wa shingo wa sentimita 90 kwa urefu. Uegemeze kwenye stuli mbili, ncha kwa ncha. Tundika katikati ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Nyosha uzi mwembamba kutoka stuli hadi stuli na upime ubao umeshuka kiasi gani. Rudia kwa ubao mwingine wenye upana na unene uleule. Tofauti itakuwa ndogo, pengine milimita moja, lakini utaiona. Chukua ulioshuka kidogo.

Muuzaji atakushangaa. Mwambie unatengeneza gitaa, atakuletea ndoo mwenyewe.

Baada ya hapo gonga. Shika ubao wa sentimita 90 kwa vidole viwili, sentimita 20 kutoka ncha ya juu, uache uning'inie. Gonga katikati kwa kifundo cha kidole, kama unavyochagua tikiti sokoni. Ukishika mahali pengine utaua mlio, kwa hiyo pima hizo sentimita 20 kweli. Sikiliza mambo mawili: mlio uko juu au chini, na unadumu kiasi gani. Kati ya mbao mbili za ukubwa mmoja na uzito mmoja, yenye mlio wa juu ndiyo iliyokaza. Inayosema "to" na kunyamaza ina unyevu, ufa, au mdudu.

Usilinganishe ubao wa mninga na wa mpangapanga kwa kugonga halafu ukatangaza mshindi. Linganisha mninga kwa mninga. Mbao mbili za mti mmoja hutofautiana kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu nakusisitiza upime kila kipande badala ya kuamini jina.

Ukavu

Mbao mbichi itakuharibia kila kitu. Ukiwa na kipima unyevu, tafuta asilimia 12 au chini ya hapo. Usipokuwa nacho, tumia mizani. Weka ubao ndani ya nyumba, mahali pasipo na jua wala mvua. Upime uzito kila Jumapili na uandike kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Uzito ukikataa kushuka wiki nne mfululizo, ubao umekauka kwa hewa ya hapo ulipo.

Hiyo "hapo ulipo" ina uzito. Gitaa lililoundwa Tanga likihamia Dodoma litakauka zaidi na shingo itabadilika kidogo. Linaloenda Muscat na kukaa kwenye kiyoyozi litabadilika pia. Haliharibiki. Litahitaji tu kukazwa chuma cha shingo upya, na pengine ncha za freti kupigwa tupa kwa sababu ubao wa vidole umenywea.

Njia ya mkato iliyo bora ni samani kuukuu. Kitanda cha mninga cha miaka 40, meza ya mvule iliyovunjika mguu, benchi la kanisa linalotupwa: hizo mbao zilishapinda zilipotaka kupinda, sasa zimetulia. Toa misumari yote na upitishe sumaku mara mbili kabla ya kuingiza kwenye mashine. Fremu ya kitanda hutoa vipande vya shingo vizuri sana. Milango ya kale ya kuchongwa ya pwani iache ilipo. Hiyo ni mali ya historia.

Ubao wa vidole

Hapa hakuna mjadala mrefu. Mpingo.

Ndio mti uleule unaopelekwa Ulaya kutengenezea klarineti na obo. Ni mzito hadi unazama majini. Uzi wa chuma unaukwaruza kwa shida. Noti inatoka na ncha iliyochongoka, na kwenye besi hiyo ncha ndiyo inayokufanya usikike ngoma zikianza.

Tabu ya mpingo ni umbo. Mti hukua umejikunja, una mifereji na nyufa za ndani. Wanaotengeneza klarineti wanatosheka na vipande vifupi. Wewe unahitaji sentimita 60 hadi 66 zilizonyooka, upana wa sentimita saba, unene wa milimita saba. Ukikosa, unga vipande viwili kwenye mstari wa freti ya 12. Ukipasua mfereji wa freti juu ya kiungo, kiungo chenyewe hakitaonekana.

Paka nta kwenye ncha mbili za kipande mara tu unapokinunua. Mpingo hupasuka kuanzia kwenye ncha. Pasua taratibu, noa mara kwa mara, na usilazimishe msumeno. Kabla ya kugundisha futa kwa asetoni, kama mtiki.

Ukikosa mpingo kabisa, tumia mpangapanga au mkongo. Mninga unafaa kama gitaa lina freti na unatumia nyuzi zenye uso laini. Kwa besi isiyo na freti, mninga utachimbwa mifereji na uzi ndani ya muda mfupi. Lipo suluhisho: upake gundi ya epoksi juu, tabaka kadhaa, kisha upige msasa. Mpiga besi Jaco Pastorius alifanya hivyo kwenye Fender Jazz Bass yake ya 1962 iliyokuwa imeng'olewa freti, na ile sauti yake inayolia kama mtu imechangiwa na ugumu wa epoksi ile.

Kiwiliwili: pima kilo kwanza

Kwa kiwiliwili, mbao inaathiri sauti kidogo kuliko shingo. Inaathiri bega lako sana. Kwa hiyo chagua kwa uzito, kisha kwa sauti, kisha kwa sura.

Hesabu ni rahisi. Kiwiliwili cha besi ya kawaida chenye unene wa milimita 44 kina ujazo wa sentimita za ujazo 4,500 hivi kikishachongwa. Pima ubao wako: urefu mara upana mara unene kwa sentimita. Gawanya uzito kwa gramu kwa jibu hilo. Ubao wa sentimita 50 kwa 35 kwa 4.5 una sentimita za ujazo 7,875. Ukiwa na kilo 4.3, unapata 0.55. Zidisha kwa 4,500: kiwiliwili kitakuwa na kilo mbili na nusu. Ongeza kilo mbili za shingo, funguo, daraja na pikapu. Gitaa lako litakuwa na kilo nne na nusu.

Kilo nne na nusu ndio mwisho. Ukipiga harusi kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane, kila nusu kilo juu ya hapo utaijua kwa jina.

Kwa hesabu hiyo, mkangazi unashinda. Mwingi wake uko karibu na 0.55, unapasuka vizuri, unashika gundi na rangi, na ukiwa kwenye gitaa unatoa sauti yenye joto na tumbo zuri la chini. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 alitumia mbao ya eshi, na kuanzia 1956 kampuni yake ilihamia zaidi kwenye alda, mbao nyepesi ya kawaida inayopakika rangi. Mkangazi wako si duni kwa alda hata kidogo.

Mninga wa 0.62 hadi 0.65 utakupa kiwiliwili cha karibu kilo tatu. Mzito. Punguza unene hadi milimita 38, au chimba vyumba ndani kabla ya kugundisha uso wa juu. Fanya hivyo, kwa sababu mninga unastahili. Una mlio. Nduguye padauki wa Afrika ya Kati ndiye anayetengenezewa vibao vya marimba, na mninga wenyewe Washona wa Zimbabwe huuchonga kuwa ubao wa mbira. Kwenye besi unatoa noti iliyo wazi, yenye mizani nzuri kati ya juu na chini.

Mvule uko karibu na mninga kwa uzito. Ni mgumu kuoza na unapendeza, lakini ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyong'oa makali ya patasi. Ukisikia randa inakwaruza ghafla, simama.

Wapo wengine wasiopewa nafasi. Mfenesi, wa manjano ukiwa mpya na wa kahawia ukizeeka, ndio unaochongwa vina kule Thanjavur, India Kusini, na pwani yetu imejaa mifenesi inayokatwa kwa sababu ya ujenzi. Mwembe hutengenezewa ukulele Hawaii. Mgrevilea unapandwa mashambani Kilimanjaro na katikati ya Kenya, na ukipasuliwa vizuri una madoa yanayong'aa kama hariri. Yote mitatu inafaa kiwiliwili. Mwembe uukaushe haraka baada ya kupasua, maana wadudu na ukungu wanaupenda. Binafsi ningependa kuona besi nyingi zaidi za mfenesi.

Mkongo na mpangapanga iache kwa shingo. Kiwiliwili cha mkongo mtupu kinaweza kufika kilo tatu na nusu. Ukipenda sura yake, weka bapa la milimita tano juu ya mkangazi. Sauti haitabadilika sana, na mgongo wako utakushukuru.

Jihadhari na kinyume chake pia. Shingo nzito ya mpangapanga kwenye kiwiliwili chepesi sana itainama chini kila ukiiachia mkono. Pembe ya juu ya kiwiliwili, pale mkanda unapofungwa, ifike usawa wa freti ya 12. Tumia funguo nyepesi kichwani.

Changanya kulingana na muziki wako

Unapiga sebene au benga, ambako besi inakimbia na kila noti lazima isikike? Shingo ya mpangapanga, ubao wa mpingo, kiwiliwili cha mninga uliochimbwa vyumba. Nyuzi mpya. Hapo utakata.

Unapiga rege, au taarabu ambako besi inabeba wengine bila kuwaingilia? Shingo ya mninga yenye mhimili wa mkongo, ubao wa mninga, kiwiliwili cha mkangazi. Nyuzi zenye uso laini. Noti itakuja nene, itakaa kidogo, itaondoka.

Unapiga kwaya au injili kwa nyuzi tano? Uzi wa B ya chini unatikisika mara 31 kwa sekunde, na shingo legevu itaufanya uwe mngurumo usio na noti. Hapa usibane pesa kabisa. Shingo ya vipande vitano, nusu yake mbao ngumu, na ikiwezekana ongeza urefu wa uzi hadi milimita 889. Kiwiliwili kiwe chochote chini ya kilo mbili na nusu.

Unapiga kila kitu, leo dansi, kesho Bongo Fleva? Shingo ya mpangapanga, ubao wa mpingo, kiwiliwili cha mkangazi. Ni mchanganyiko usiokukwamisha popote, na kama ningeagiza besi moja tu ya maisha, ningeagiza huo.

Ukiwa na fundi

Mafundi wengi wazuri wa samani hawajawahi kuunda gitaa. Hilo lisikutishe. Mtu anayeweza kuunga droo bila kuacha upenyo wa karatasi anaweza kuunga shingo na kiwiliwili. Mpelekee gitaa halisi alipime. Mwambie: "Fundi, shingo ikae kwenye shimo lake kwa kubana, nikiinua gitaa kwa shingo bila skrubu lisidondoke." Kiungo kilicholegea kinapoteza kila faida ya mbao uliyohangaika kuitafuta.

Mwombe pia asimwage vanishi. Tabaka nyembamba tatu zinatosha. Nyuma ya shingo, mafuta yanayokauka yanatosha, na mkono utateleza vizuri zaidi.

Vumbi ni jambo la kusimamia. Mpingo, mvule na mkongo huwasha macho, pua na ngozi, na wengine hupata mzio kabisa. Vaeni barakoa nzuri, si kitambaa cha shingoni. Fagieni kwa kulowesha.

Karatasi

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Tangu Januari 2017 jamii yake yote iko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES ya biashara inayodhibitiwa, na mwaka 2022 jamii za mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika ziliingizwa pia. Magitaa ya mpingo yaliyokamilika yamesamehewa kibali tangu Novemba 2019, lakini mbao tupu bado zinahitaji kibali kuvuka mpaka. Kama unamtumia nduguyo aliyeko Uingereza au Oman, mtumie gitaa, usimtumie ubao.

Ndani ya nchi, dai risiti na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Vipo vijiji Kilwa vinavyotunza misitu yao ya mpingo na kuuza kihalali. Vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na pesa ya mti inarudi kijijini. Waulize wauzaji kama wanaweza kukuletea mbao kutoka huko. Asiye na karatasi, hata akiwa na ubao ulionyooka kuliko wote sokoni, mwachie ubao wake.